Baada ya Maumivu Kunyamaza

Kazi yangu ni kujaza pampu zilizomo matumboni mwa watu. Nimeifanya miaka ishirini na miwili katika kliniki ya maumivu hapa Manizales, ghorofa ya tatu, dirisha likitazama mlima ambao mara nyingi hauonekani kwa ukungu. Pampu yenyewe ni kisahani kinene cha chuma. Daktari wa upasuaji hukizika chini ya ngozi ya tumbo, kisha mrija mwembamba kama uzi wa kushonea huzungushwa kiunoni mpaka ndani ya uti wa mgongo, na dawa inadondoka humo kidogo kidogo, usiku na mchana. Kila baada ya miezi miwili mgonjwa anarudi, analala, napapasa mpaka nipate kitundu cha katikati, nachoma sindano, navuta dawa iliyobaki, natia mpya. Dakika ishirini. Mtu aliyelala chali na sindano tumboni husema mambo mengi, na mengi nimeyasahau.

Ya wana wa Hincapié sijayasahau.

Walifika Jumanne moja ya mvua, ndugu wawili, wameegemeana mlangoni kiasi kwamba usingeweza kujua nani anamsaidia nani. Dagoberto, mkubwa, alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye masharubu, kofia yake ameishika kifuani kama yuko kanisani. Evelio alikuwa na thelathini na minne, na uso wa mtu aliyekuwa akichekesha watu kabla hajaumia. Walikuwa wakisafirisha kahawa kwa gari aina ya jipu kutoka La Cuchilla, kijiji kilicho juu kabisa, saa mbili na nusu kutoka mjini. Miaka saba kabla ya siku hiyo jipu lao lilifunikwa na maporomoko ya udongo. Dada yao, Luz Dary, alikufa humo. Wao walitolewa hai, migongo imevunjika karibu mahali pamoja. Mifupa iliunga. Maumivu hayakuondoka.

"Mmetumia nini mpaka sasa?" aliuliza Dokta Echeverri, mkuu wetu, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi.

"Uliza ambacho hatujatumia," alisema Evelio. "Vidonge vya asubuhi, vya jioni, vya kulala, vya kuamka, na vya kupata choo kwa sababu ya vile vingine. Plasta za dawa. Sindano. Mazoezi. Mama katupaka mpaka mafuta ya nyoka. Siku hizi nyoka akipita nyumbani anatuamkia kama ndugu zake."

Nilicheka. Dagoberto hakucheka.

Daktari akawaeleza. Kidonge kinapita tumboni, kinaingia kwenye damu, kinazunguka mwili mzima. Kinakulewesha, kinakufunga choo, na kinachofika mgongoni ni kidogo. Pampu inaipeleka dawa palepale inapotakiwa, kwa hiyo kipimo kinachotosha ni kidogo sana, kama sehemu moja ya mia tatu ya kile cha kumeza. Halafu akawaeleza upande wa pili, maana huwa hafichi. Ni upasuaji, na kidonda kinaweza kuoza. Mrija unaweza kuziba au kuhama. Betri ikiisha, baada ya miaka sita au saba, unapasuliwa tena. Na ukishawekewa, umefungwa na kliniki hii maisha yako yote, huwezi kuamua mwezi fulani kwamba hutakuja.

"Na kuna watu haiwafai," alimaliza. "Ndiyo maana kwanza tunajaribu siku tatu, kwa mrija wa muda."

"Mimi niwekeeni hata leo," alisema Evelio.

"Mimi hapana," alisema Dagoberto. "Mimi siyo mashine ya kutiwa oili."

"Kaka, wewe ni jipu bovu tangu zamani. Oili ingekusaidia sana."

"Nimesema hapana, dogo."

Alilisema hilo akitazama dirishani. Nilidhani anaogopa kisu. Wanaume wengi wa milimani wanaogopa kisu kuliko kifo, nikaandika kwenye faili lake: amekataa.

Kwa Evelio jaribio lilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Siku ya pili nilimuuliza, kama tunavyouliza wote, maumivu yake ni ngapi kutoka sifuri hadi kumi. Alikuwa akisema nane kwa miaka saba. Safari hii alijipapasa kiuno kama mtu aliyepoteza pochi.

"Mbili," akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Sista Nidia, nilikuwa nimesahau kwamba kitanda ni kitu laini."

Akawekewa pampu. Aliporudi kujazwa mara ya kwanza alikataa lifti, akapanda ghorofa zote tatu kwa miguu, akaniletea kahawa aliyoikaanga mwenyewe. Alikuwa amenenepa. Alikuwa anapata choo bila dawa, habari aliyoitangaza kwa sauti mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri, na bibi mmoja akampigia makofi. Magunia hakuweza kuyabeba tena, lakini alikuwa akikaa mezani kuchambua buni na wenzake na kuwaudhi kwa utani.

"Nitazame, mzee," alimwambia kaka yake, "nimekuwa binadamu."

Dagoberto alikuwa akimsindikiza kila mara. Naye aliendelea kutibiwa kwetu kwa njia ya kawaida: mofini ya vidonge mara mbili kwa siku, vidonge vingine vya kutuliza mishipa ya fahamu, mazoezi ya viungo kila alipoweza kushuka mjini. Siwezi kusema hayakumsaidia. Maumivu yake yalikaa kwenye sita, siku nzuri tano, na wapo watu wanaoishi hivyo na kulea watoto. Lakini alitembea kama mtu aliye chini ya maji. Ulimi mzito, macho mekundu, kidevu kikiangukia kifuani katikati ya sentensi, kikombe bado kiko mkononi. Ukiwakuta wamekaa benchi moja ungesema ni baba na mwanawe.

"Jaribu basi siku tatu tu," nilimwambia mara moja. "Ikikukataa, tunautoa mrija, yamekwisha."

"Niache na vidonge vyangu, Sista. Tumeshazoeana."

Ilikuwa mara ya tatu ya kumjaza Evelio, sindano imeshaingia, aliponiuliza, "Sista, hiki kitu kinagonga?"

"Kinagonga vipi?"

"Ko, ko, ko. Kinapumzika. Halafu ko, ko. Kama mtu anayegonga bati kwa kidole chenye pete."

Nikamwambia pampu haina mlio kama huo. Injini yake ni ndogo mno, huwezi kuisikia. Ina kengele, ndiyo, inayolia dawa ikikaribia kuisha, na nikamsikilizisha kwa ile kompyuta ndogo tunayopangia kipimo: pii, pii. "Hii ndiyo sauti yake pekee."

"Siyo hiyo."

"Unaisikia wakati gani?"

"Nikitulia. Nikiwa nakunywa kahawa na jua limetoka." Alikuwa anatazama dari. "Nikijisikia vizuri. Hapo hasa."

Dagoberto alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, anasinzia, kichupa cha vidonge mkononi. Kichupa kikaanguka. Vidonge vikatawanyika sakafuni mpaka chini ya kitanda. Nilipomaliza na sindano niliinama kumsaidia kuokota, nikauona uso wake kwa karibu. Alikuwa macho kabisa. Sikuwahi kumwona akiwa macho namna ile.

"Tatu halafu mbili?" aliuliza.

"Eeh," alisema Evelio. "Kwani vipi?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Akatoka, kofia ameiacha kwenye kiti.

Ningeweza kumfuata. Niliandika kwenye faili la Evelio: *mgonjwa anasikia sauti zisizokuwepo.* Uso wa kaka yake sikuuandika popote.

Dokta Echeverri alifanya yote anayopaswa kufanya daktari. Alimpima kichwa, akampeleka kwa mtaalamu wa akili, akapunguza dawa ya pampu kwa nusu. Maumivu yakapanda mpaka tano, na kugonga kukapungua. "Basi ni dawa," alisema daktari, na nilisikia jinsi alivyopata ahueni. "Mofini huwafanyia hivyo baadhi ya watu." Akatafuta kipimo cha katikati, si juu sana, si chini sana.

"Dokta, naomba nikwambie kitu," alisema Evelio siku hiyo. Hakuwa na utani wowote. "Mimi sidhani dawa ndiyo inayoleta hiyo sauti. Maumivu yalikuwa yanapiga kelele mno. Sasa yamenyamaza, ndiyo nasikia."

Daktari akavua miwani. "Unasikia nini hasa, Evelio?"

"Sijui," alisema, na sisi wote wawili tuliona kwamba anajua.

Mwezi wa nane tangu awekewe pampu hakuja.

Nilingoja siku moja, nikangoja mbili. Siku ya tatu nikapiga simu. Mama yao, Rubiela, ndiye aliyepokea. Alisema maneno machache tu: "Hataki, Sista. Na analia tumboni." Nilipiga hesabu ya dawa iliyokuwa imebaki, nikaenda kwa daktari, naye akatia saini karatasi bila kuniuliza mara mbili. Nikafunga dawa kwenye sanduku la kufuli na kupanda jipu la asubuhi la La Cuchilla.

Tulipita pale penye maporomoko. Dereva alipunguza mwendo na kujifanyia ishara ya msalaba, kama wafanyavyo wote. Upande wa bonde nyasi zilikuwa zimeota upya, kijani kibichi kuliko kwingine, na ukungu ulikuwa umekaa humo chini bila kutikisika.

Rubiela alinipokea kwenye lango, shali imemfunika mpaka kidevuni. Mwanamke mdogo, mikono mikubwa ya kazi.

"Kila dakika kumi, Sista. Pii, pii. Kuku wamehama jikoni. Nimemnyunyizia maji ya baraka, nimemfunika mablanketi mawili, wapi, bado inalia."

"Ni kengele ya dawa, mama. Dawa imekwisha."

"Basi mtilie upesi. Sipendi kitu kinachoniita kutoka ndani ya mwanangu."

Evelio alikuwa amelala amejikunja, uso ukutani. Shati lilikuwa limelowa jasho, ngozi ya mikono imemsimama kama ya kuku aliyenyonyolewa, kamasi zinamtoka, anapiga miayo mfululizo, tumbo linamkata. Nimewaona wengi waliokosa mofini ghafla, huwa hivyo. Nilimuuliza maumivu ni ngapi. Akainua vidole tisa.

"Evelio, kwa nini umefanya hivi?"

"Siku mbili sijasikia kitu, Sista." Meno yalikuwa yanagongana. "Bora maumivu. Maumivu hayanijui jina. Anayegonga ananijua."

"Nani anayegonga?"

Tumbo lake likalia chini ya blanketi, pii, pii, na sote wawili tukangoja linyamaze.

"Luz Dary," alisema. "Tulipokuwa wadogo alikuwa anagonga hivyo mlango wa choo. Tatu, halafu mbili, tujue ni yeye, tusikawie. Siku ile nilipokuwa nimebanwa kwenye udongo nilimsikia nyuma yangu, anagonga bodi ya jipu. Hospitalini nikamwambia Dagoberto, Luz Dary alikuwa anagonga. Akaniambia, hapana dogo, ile ilikuwa injini inapoa. Nikaamini. Miaka saba nimeamini ni injini. Sasa niambie, Sista, injini gani inanifuata mpaka kwenye meza ya kahawa?"

"Haikuwa injini."

Dagoberto alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Hakuwa na macho ya vidonge. Nadhani siku hiyo hakuwa amemeza hata kimoja, maana alikuwa ameshikilia fremu ya mlango kwa mikono miwili na jasho linamchuruzika kwenye masharubu.

"Walikuja watu wanne na majembe," alisema. Alikuwa anamwambia Evelio, kana kwamba mimi sikuwepo. "Mlima ulikuwa bado unatembea, mawe yanashuka. Nyuma ya jipu kulikuwa na udongo mpaka juu ya turubai. Wakauliza, mko wangapi? Wewe ulikuwa umebanwa miguu, nusu hai. Wangechimba nyuma, jipu lingeserereka bondeni na wewe humo. Niliona. Na nilimsikia, Evelio. Nilimsikia vizuri kuliko wewe. Wakauliza tena, mko wangapi? Nikasema, wawili."

Evelio aligeuka kutoka ukutani, polepole, kila sehemu ya mwili ikimuuma.

"Nilikuwa nimepanga," alisema Dagoberto. "Wakutoe wewe kwanza, halafu niwaambie. Nilipanga hivyo kichwani, naapa kwa Mungu. Walipokufikisha barabarani nikafungua mdomo niseme. Mlima ukashuka mara ya pili."

Pii, pii.

"Na ulijua kwamba nitamsikia," alisema Evelio. "Pampu ulivyoikataa. Ulijua, ukaniacha niwekewe."

"Unakumbuka ile sindano ya mgongo niliyochomwa mwaka wa pili? Siku tisa sikuumwa. Siku hizo tisa nilimsikia kutwa. Nikarudi kwenye vidonge. Vidonge haviondoi maumivu vizuri, lakini vinaziba kila kitu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nilidhani ni mimi tu. Nilidhani wewe umeshaamini injini."

Hapo ndipo nilipomwona Rubiela. Alikuwa nyuma ya Dagoberto, kwenye korido, ameshika kikombe cha maji ya moto ya sukari guru aliyokuwa akimletea mgonjwa.

"Aligonga mpaka lini?" aliuliza.

"Mama…"

"Nimekuuliza wewe. Aligonga mpaka lini?"

"Mpaka mlima uliposhuka."

Aliinama, akakiweka kikombe sakafuni, taratibu, bila kumwaga tone. Alipoinuka alikuwa mzee kuliko nilivyomwona langoni.

"Uliniambia alikufa papo hapo," alisema. "Uliniambia hakujua kitu. Nimemshukuru Mungu kwa hilo kila Jumapili. Nimepiga magoti na magoti haya mabovu, nikamshukuru."

Hakupiga kelele. Alirudi jikoni, na baada ya muda tukasikia anasaga mahindi. Alisaga muda wote niliokuwa katika nyumba ile, na najua kwa hakika kwamba unga uliokuwepo ulitosha.

Dagoberto alibaki mlangoni. Nilitegemea Evelio amtukane, au amtupie kitu. Alikuwa analia, lakini usoni mwake kulikuwa na jambo jingine pia, na ilinichukua muda kulitambua. Ilikuwa nafuu.

"Kumbe sikuwa kichaa," alisema. Kisha akajilaza chali na kupandisha shati. "Nijaze, Sista."

"Utamsikia tena," alisema Dagoberto.

"Wewe ulimsikia ukasema wawili. Sasa acha na mimi nimsikie."

Nilimpigia daktari simu kutoka uani, sehemu pekee yenye mtandao. Mtu aliyekaa siku mbili bila dawa huwezi kumrudishia kipimo chake cha zamani, mwili umeshasahau, anaweza kuacha kupumua. Tukaanza chini sana. Nilinawa, nikavaa glovu, nikatandika kitambaa safi tumboni mwake, nikapapasa. Nilikikosa kitundu mara mbili, jambo ambalo halikuwa limenitokea kwa miaka mingi. Dawa ilipoingia na kengele nikaizima, nyumba ikawa kimya isipokuwa jiwe la kusagia huko jikoni. Nikakaa kwenye kiti kando ya kitanda mpaka jipu la mwisho la jioni, nikimhesabia pumzi. Dagoberto naye alikaa, chini, mgongo ukutani. Mara moja nilimwona Evelio anafumbua macho, anageuza kichwa kidogo upande mmoja, na kaka yake, aliyekuwa akimtazama, akainamisha uso magotini.

Nilipomsimulia Dokta Echeverri alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hakuwa anasikia vitu visivyokuwepo," alisema. "Alikuwa anakumbuka."

"Au vyote viwili."

"Au vyote viwili," alikubali. "Dawa tunayo ya kimoja tu."

Lile neno nililoandika kwenye faili bado lipo, maana hairuhusiwi kufuta. Chini yake niliandika tarehe na sentensi moja: *dada wa mgonjwa aligonga kweli.* Mpaka leo hakuna aliyeniuliza maana yake.

Wiki iliyofuata Dagoberto alihama nyumbani. Hakufukuzwa. Mama yake aliendelea kumpikia na kumfulia, ila hakumtazama, na baada ya siku sita za kutotazamwa alifunga nguo zake. Akapanga chumba hapa mjini karibu na kituo cha mabasi, akapata kazi ya kukaa kwenye ghala la kahawa, kuandika alama kwenye magunia. Baada ya miezi miwili akaja kliniki peke yake.

"Nataka kujaribu mrija," alisema.

Daktari alimtazama. "Kwa ajili ya maumivu?"

"Kwa ajili ya maumivu," alijibu, na daktari, ambaye si mjinga, aliandika hivyo.

Tukampa siku tatu, kama kila mtu. Ulimfaa. Kutoka sita alishuka mpaka tatu, akala vizuri, akatembea korido yote bila kushika ukuta, macho yake yakawa meupe. Siku ya tatu, karibu saa sita mchana, nilimkuta amekaa wima kitandani, mikono juu ya magoti, kichwa amekiinamisha upande.

"Sista, zima hiyo feni."

Nikazima. Akasikiliza. Nje kulikuwa na muuza maparachichi, alipopita mtaa ukatulia. Akasikiliza tena, mdomo wazi kidogo, kama mtoto anayengoja kuitwa jina lake darasani.

"Hakuna kitu," alisema. "Siku tatu nasikiliza. Hakuna kitu kabisa."

"Si vizuri hivyo?" nilisema, na tangu siku ile nimejutia maneno yale.

"Kwangu haji tena," alisema Dagoberto. "Anamgongea Evelio tu."

Alasiri hiyo aliomba mrija utolewe. Daktari alibishana naye nusu saa, akamwonyesha karatasi, namba, mchoro. Mtu amepata nafuu ya nusu nzima, sababu gani tena ya kukataa? Dagoberto alisaini kwamba amekataa kwa hiari yake. Nilipomsaidia kuvaa koti aliniambia kwamba chumbani kwake kuna saa ya ukutani na ameitoa betri, isije ikamzuia kusikia.

Evelio bado ana pampu. Ameshabadilishiwa moja, betri ilipoisha, na kidonda kilipona bila shida. Kipimo chake ni cha katikati, maumivu yake ni matatu, wakati mwingine manne. Bado anamsikia dada yake, si kila siku. Mwanzoni alikuwa anajikaza mpaka ipite. Siku hizi, aliniambia akiwa amelala chali na sindano tumboni, humjibu. Anasema "nipo," kwa sauti ya kawaida, hata mbele ya wenzake mezani, nao wamezoea, hawamcheki. Yeye na watu wa kijiji walisimamisha msalaba pale penye maporomoko, upande wa bonde. Jina la Luz Dary aliliandika yeye mwenyewe. Rubiela hakutaka tarehe iwekwe.

Rubiela humsindikiza sasa, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi wa kujazwa. Hukaa kwenye kiti kile kile cha karibu na mlango, mkoba magotini, wala hasinzii. Dagoberto huja Jumatatu ya pili kuchukua karatasi ya vidonge vyake. Hawajakutana. Nadhani wanajua wote wawili kwa nini, na kwamba ni mimi niliyepanga tarehe.

Mwezi uliopita, Evelio alipokuwa anavaa viatu, mama yake alinivuta koridoni. Akatoa kwenye mkoba furushi la kitambaa cheupe, bado lina joto, au labda lilikuwa joto la mwili wake, jinsi alivyolikumbatia njia nzima kwenye jipu.

"Mpe yule," alisema.

"Nimwambie nini, mama?"

Akafunga mkoba, akaenda kumngoja Evelio kwenye lifti.

Nililiweka kwenye friji ya wahudumu wiki nzima, nikamtishia kila mtu asiliguse. Dagoberto alipokuja nililipasha moto kidogo nikampa. Alikitambua kitambaa kabla hajakishika. Ndani kulikuwa na arepa sita, mikate minene ya mahindi meupe anayosaga Rubiela kwa mkono.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Hajasema kitu."

Akaitikia kwa kichwa. Watu walikuwa wanapita huku na huku, mtu mmoja akamgonga bega, hakugeuka. Alikula moja akiwa amesimama pale pale koridoni, mpaka ikaisha, halafu akazifunga tano zilizobaki, mafundo mawili, akaniuliza foleni ya dawa inaanzia wapi, kana kwamba hakuwa akipanga foleni hiyo kila mwezi kwa miaka yote hiyo. Nikamwonyesha kwa mkono, naye akaenda kusimama nyuma ya mtu wa mwisho.